Nilivyomtafutia mama paka wa Kiajemi bila kuliwa pesa

Mombasa paka hanunuliwi. Ukikaa Mji wa Kale wanakuja wenyewe, tena wanachagua nyumba. Ndiyo maana mama aliposema anataka paka wa Kiajemi, yule wa manyoya marefu aliyemwona kwa dada yake Maskati, nyumba nzima ilicheka isipokuwa yeye. Kazi ikaniangukia mimi, kwa sababu ninafanya uwakala wa kutoa mizigo bandarini, na nyumbani wanaamini kila kitu chenye karatasi ni changu.

Si uongo sana. Bandarini karatasi husomwa kwanza, halafu kontena hufunguliwa, na mwenye mzigo halali hakasiriki ukimwambia fungua. Nikaingia kwenye biashara ya paka na msimamo huo huo.

Muuzaji wa kwanza alikuwa Nairobi, au ndivyo alivyosema. Picha zake zilipendeza kupita kiasi. "Kaka, wamebaki wawili, tuma nusu nikuwekee mmoja." Nikamwomba video fupi, paka akiwa kando ya Taifa Leo la siku hiyo. Hana gazeti. Basi andika jina langu kwenye karatasi, uiweke miguuni pake. Akaniletea picha nyingine, zulia ni lile lile, na nilipoitafuta mtandaoni niliikuta kwenye tangazo la Kirusi. Ningemwacha hapo, lakini nilitaka kujua safari inaishia wapi. Ikaishia kwenye bima: paka ameagizwa Uturuki, ameshatua, ila kreti lazima ikatiwe bima, na pesa hizo "zitarudishwa" nikishampokea. Nilicheka peke yangu ofisini. Mnyama anayeingia nchini kihalali huwa na kibali cha Kurugenzi ya Huduma za Mifugo kinachoombwa kabla hajasafiri, pamoja na cheti cha afya kutoka nchi anakotoka. Nikamwomba namba ya kibali. Mpaka leo anaitafuta.

Halafu lile suala la macho ya buluu, ambalo karibu kila tangazo linalitamba. Watoto wa paka wote huzaliwa na macho ya buluu, hata wa chokora wa Kibokoni. Rangi yenyewe huanza kujitokeza wakiwa na wiki sita au saba. Anayekuuzia macho ya buluu ya paka wa mwezi mmoja anakuuzia umri tu. Kuna na wale wanaomtaja kila paka mwenye madoadoa kuwa ni Sokoke. Ni kweli aina hiyo ni ya Pwani yetu, imetoka msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi na inatambuliwa na TICA, chama cha kimataifa cha kusajili paka, lakini madoa peke yake hayamfanyi paka kuwa na nasaba.

Kabla sijakwenda kumwona paka yeyote ana kwa ana, nilimwendea daktari wa wanyama. Ada ya mazungumzo yale ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote. Aliniambia nisitake pua iliyobonyea sana, hata mama akiipenda: paka wa sura hiyo hupumua kwa shida, na joto letu la Kaskazi lenye unyevu humzidishia. Akaniambia pia habari ya figo. Waajemi wana ugonjwa wa kurithi unaojaza figo vifuko vya maji, na mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuupata. Hupimwa kwa jeni au kwa ultrasaundi ya mzazi. Mwisho akanifundisha kutazama meno, na hilo ndilo lililonisaidia Bamburi.

Kule Bamburi nilipelekwa na dalali, kijana mcheshi. Harufu ya mkojo ilitupokea mlangoni kabla ya salamu. Jikoni nyuma kulikuwa na vizimba vimepangwa juu kwa juu: Waajemi, weusi wa Kiingereza, na wengine wenye masikio yaliyokunjika, wote wadogo kwa wakati mmoja. Hao wa masikio niliwaonea imani zaidi. Jeni inayokunja sikio huharibu gegedu za mwili mzima na kuwapa maumivu ya viungo, na GCCF, chama kikuu cha paka Uingereza, hakiwasajili.

"Mama yao yuko wapi?" nikamuuliza mwenye nyumba.

"Yuko Malindi kwa dadangu, alikuwa amechoka."

"Wote hawa mama yao mmoja?"

Akacheka, akageukia kwenye cheti. "Ami, hawa wamesajiliwa Kennel Club kabisa."

"Yakhe, hiyo East Africa Kennel Club ni ya mbwa."

Kadi ya chanjo ilisema paka ana wiki kumi na ameshachanjwa kichaa cha mbwa. Daktari alikuwa ameniambia chanjo hiyo kwa kawaida huanza akitimiza miezi mitatu. Kwenye kadi hapakuwa na stika ya chupa, ile yenye namba ya toleo na tarehe ya kuisha, bali alama za kalamu tu na muhuri usio na namba ya usajili wa daktari. Nikampakata mmoja, nikamfungua mdomo taratibu. Meno ya mbele yalikuwepo, ya nyuma ndiyo kwanza yanachomoza: huyo hajafika wiki sita. Masikioni alikuwa na uchafu mweusi mkavu wa utitiri, na nyuma ya sikio duara lisilo na manyoya. Choa. Huo humwambukiza mtu, na mama yangu ni mtu mzima.

Bei ilikuwa elfu kumi na tano, na ilianza kushuka kila nilipouliza swali. Dalali alininong'oneza, "Mchukue tu, utakuwa umemwokoa." Maneno hayo yanakata maini, nakiri. Lakini nikimlipa, kizimba kile kitajazwa tena. Nikatoka, nikapeleka habari ofisi ya mifugo ya kaunti, kwa sababu sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama ipo, Sura ya 360. Dalali alinuna njia nzima kwenye tuktuk.

Yule niliyemnunua kwake anakaa Tudor, mama wa makamo ya mama yangu, na nilielekezwa kwake na daktari. Kwake maswali hayakuwa yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nawa mikono kwanza. Mchana nyumbani kuna nani?"

"Mama yangu."

"Mikono yake inamruhusu? Manyoya haya huchanwa kila siku, ukiacha yanajisokota mpaka ngozi inavutika. Madirisha yana wavu? Feni?"

Nilijibu kama niko kwa kadhi. Paka mkubwa alikuwa sebuleni, kajilaza sakafuni penye ubaridi, watoto watatu wakimpanda mgongoni. Dume si lake, ni la mfugaji mwenzake, akanipa namba nimpigie. Vyeti vya TICA vya wazazi wote wawili alivitoa bila kuombwa mara ya pili, ila mwenyewe akaniambia cheti kinasema ukoo tu, afya ni kwa daktari. Aliniomba bei zaidi ya mara mbili ya ile ya Bamburi, hakupunguza hata shilingi, na paka hakunipa. "Hajatimiza wiki kumi na mbili. Bado anafundishwa na mamake."

Malipo ya awali hakutaka. Tulikubaliana tukutane kliniki siku ikifika, aje na paka mkubwa pia. Daktari akampitishia huyo mkubwa mashine ya kusoma chipu iliyo chini ya ngozi, tarakimu 15 zikalingana na za cheti moja baada ya moja. Mimi hapo nilikuwa nyumbani kabisa. Figo za mama mtu zilipigwa ultrasaundi, safi. Mtoto alikuwa na kilo moja na robo, masikio meupe, pumzi haina mkoromo.

Mkataba aliuandika kwa mkono: paka ni wa kufugwa nyumbani, atafungwa kizazi akifikisha umri, na tukimshindwa arudi Tudor, asiuzwe. Nikatia sahihi, nikamtumia pesa kwa M-Pesa pale pale kaunta, jina lililotokea likiwa la kwake. Akanipa mfuko wa chakula alichozoea na kopo la mchanga kutoka kwenye trei yao, ili paka ajue pa kwenda. Daktari akamchoma chanjo ya kichaa cha mbwa, akabandika stika kwenye kadi, na kuandika tarehe ya kurudi.