Lindo la Mama Mikumi

Nimepita Mikumi mara zisizo na idadi na sikuwahi kushuka. Kwa sisi wa njia ile, mbuga ni kilometa 50 za dirishani: basi linapunguza mwendo, abiria wa upande wa pili wanakuinamia ili nao waone, halafu basi. Tukiwa wadogo tukienda kwao Mama, upande wa Kidodi, yeye ndiye aliyekuwa akituamsha. "Amkeni, tumeingia mbugani!" Hata uwe hoi vipi, hulali tena mpaka mtoke ng'ambo.

Likizo hii ya Juni tukashuka. Mimi, baba watoto, watoto wawili na Mama. Mahema mawili ya kuazima, mtungi mdogo wa gesi, ndoo ya maandazi na mfuko wa machungwa ya njiani. Mama alipoambiwa kwamba tunakwenda kupiga kambi alicheka mpaka akavua miwani. "Yaani mnalipa mkalale na tembo? Sisi tulikuwa tunawafukuza bure."

Mama amezaliwa 1956. Hifadhi ilipotangazwa mwaka 1964 alikuwa na miaka minane, na tayari alikuwa anajua kazi ya dungu. Watoto wangu hawakulijua neno hilo, ikabidi awaeleze pale pale garini: unasimikwa uchaga juu ya miti katikati ya shamba, mnapanda na debe tupu na kijinga cha moto, mnakesha. Mchana mnaamia ndege, usiku mnasikiliza nguruwe na tembo. Likilia tu jani, mnapiga debe shamba zima. "Kumbe Bibi ulikuwa mpiga debe!" akasema yule mdogo, ambaye wapiga debe anaowajua ni wa stendi. Jina likamganda Bibi safari nzima.

Mchana wa kwanza sina mengi ya kusema juu yake, maana ulikuwa kama watu wanavyousimulia. Tambarare ya Mkata imekauka rangi ya mkate, pundamilia na nyumbu wamechanganyika, twiga wanatutazama kama wenye nyumba wanaoangalia wageni wasiobisha hodi. Kwenye bwawa la viboko harufu ilitufikia kabla ya bwawa lenyewe. Simba hatukumwona, na baba watoto bado anaidai hifadhi simba wake.

Niliyemwangalia zaidi ni Mama. Kila mnyama alikuwa na faili lake. Swala hakuwa na kesi. Nyati apishwe tu. Ila nyani! Tulikuwa tumerudi kambini, naosha mchele, nikasikia zipu. Dume la nyani lilikuwa limechuchumaa mbele ya hema la watoto, limeshika kile kichuma cha zipu kwa vidole viwili, linakivuta taratibu bila kukwama, vizuri kuliko ninavyokivuta mimi. Likaingiza mkono mpaka begani, likatoka na mkate mzima ndani ya mfuko wake. Nikapiga kelele. Likanitazama, likaendelea kufungua mfuko. "Nyani hamwogopi mwanamke," Mama akasema, akachukua mfuniko wa sufuria na mwiko, akapiga mapigo matatu niliyoyasikia mpaka kwenye meno. Nyani akaondoka. Mkate aliondoka nao.

Mhifadhi alikuwa ametuonya tangu mwanzo: hakuna chakula ndani ya hema, hasa matunda, na usiku hakuna kutoka ovyo. Tukaitikia wote. Saa tatu usiku Mama akanusa hewa, akauliza, "Nani ana chungwa humu?" Mkubwa akatoa mawili chini ya mto. Yakaenda garini, vioo vikapandishwa.

Mikumi usiku haina ukimya niliouwazia. Malori ya Tunduma yanasikika kwa mbali yakipunguza gia, na katikati ya lori na lori ndipo pori linapopata nafasi ya kusema. Nikalala hema moja na Mama na watoto. Kwenye saa nane nikaamka kwa baridi, nikamkuta ameketi mlangoni, amejitanda khanga juu ya sweta, zipu ameifungua upana wa kiganja. Mfuniko wa sufuria uko mapajani. Hakugeuka. Alinyoosha tu mkono nyuma, akanigusa mguu: tulia.

Sikusikia hatua. Mnyama wa tani kadhaa, anatembea kama mtu aliyevaa soksi. Nilichosikia kwanza ni tawi likivunjika, kisha ngurumo ya tumbo, karibu mno. Kupitia ule upenyo niliona nyota zikizibwa, moja baada ya nyingine. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari. Mkonga ukapapasa kioo juu mpaka chini, ukipumua, ukarudi juu tena. Mkubwa wangu alikuwa ameamka, ameniuma bega kwa kujizuia asilie.

Nikaona mkono wa Mama ukipanda na mfuniko. Ukabaki hewani. Kisha ukashuka.

Tembo alipoondoka, nilimuuliza kwa nini hakupiga. Akafikiri kidogo. "Nimpige kwa lipi? Hapa ni kwake. Hakuna mahindi ya mtu."

Sikulala tena. Nimewasomea wanangu hadithi nyingi za tembo, zote za upande wa tembo. Sikuwahi kuwaambia kwamba babu yao mkubwa alilima mwaka mzima na kuvuna shina, wala kwamba bibi yao aliingia darasani akisinzia kwa sababu ya lindo. Si kwamba nilificha. Sikuwahi kuuliza.

Asubuhi kulikuwa na michirizi ya udongo kwenye kioo cha gari, na nyayo pana kama sinia. "Shikamoo Bibi." "Marahaba. Ninyi si mlilala." Mhifadhi alipopita, Mama akamuuliza vijijini siku hizi wanafanyaje. Akaeleza: kamba zinazopakwa pilipili na oili chafu, na mizinga ya nyuki inayoning'inizwa kuzunguka shamba, tembo akiitikisa kamba nyuki wanatoka. Watoto wakacheka kwamba tembo anaogopa nyuki. Mama hakucheka. Aliuliza mizinga mingapi kwa ekari, na asali anauza nani.

Tukaondoka saa nne. Barabarani watoto ndio waliokuwa wanapiga kelele, "Bibi, twiga! Bibi, kulia!" Bibi alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo kile kile chenye udongo, mdomo wazi, anakoroma. Alilala mbuga nzima. Alizinduka Doma, mbuga iko nyuma yetu, akauliza kama tumeshaingia.