Simba wanne na ndoo ya mchanga

Ilifika mahali nikawa naogopa kufungua geti Jumatatu asubuhi. Nikifungua, nakuta kiroba cha sukari au boksi la sabuni, ndani watoto wa mbwa wanne, watano, macho hayajafunguka, karibu wote majike. Makazi yetu ya wanyama yako Kigamboni, kiwanja kidogo chenye mabanda tisa na mwembe mmoja. Tulikuwa tunavuka na pantoni kufuata vichwa vya samaki Feri, tunasonga ugali wa dona, na bado hakitoshi. Mwishoni niliacha kuuliza nitawalisha nini, nikaanza kuuliza wanatoka wapi.

Jibu alinipa bodaboda mmoja niliyemfuma na boksi. Mtoto huokota kambwa, anakapenda. Baba anakubali kwa sababu nyumba inataka mlinzi. Siku moja jike anazaa, mama anasema hapa si zizi, bodaboda anapewa buku mbili apeleke "kule kwa anti wa mbwa". Yaani mbwa ni wa mtoto, lakini geti, sufuria na uamuzi ni vya wakubwa. Nikaona kama nataka viroba vipungue, nianze na hao watoto.

Nikatangaza Jumamosi ya watoto: njoo na mnyama wako apimwe, apate dawa ya minyoo, na afisa mifugo wa kata atakuwepo na chanjo. Walikuja zaidi ya thelathini. Mbwa kwenye kamba za katani, mbwa kwenye matenga, paka ndani ya begi la shule. Nilifurahi nikawaruhusu wote waingie uani pamoja.

Hapo ndipo nilipoharibu. Mvulana wa darasa la tano alikuwa na kambwa kamelala tu mapajani, pua kavu. Aliniambia, "Anti, tangu jana hali, anatapika." Nikamwambia subiri zamu yako. Alipofikiwa, kambwa kalishaharisha damu kwenye mchanga, na wenzake wameshapita hapo hapo wakinusa. Ilikuwa parvo, ugonjwa wa kirusi unaoua watoto wa mbwa kwa kutapika na kuharisha. Kake kalikufa usiku ule, na ndani ya wiki moja wakafa wengine watatu waliokuja wazima. Wale watatu ni juu yangu. Nilikwenda kwa miguu nyumba moja hadi nyingine kuwaambia, na hakuna mzazi aliyenitukana, ambalo lilikuwa baya zaidi.

Kirusi cha parvo ni kigumu. Kinaweza kukaa kwenye udongo wa kivulini mwaka mzima, sabuni ya kawaida hakijali, kinachokiua ni Jiki: sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, iachwe dakika 10 kwenye sakafu iliyokwisha kuoshwa. Mchanga huwezi kuuosha. Kwa hiyo tulimwaga zege chini ya mwembe, tukapiga marufuku kambwa asiyemaliza chanjo kuwekwa chini. Anabebwa tangu getini mpaka mezani. Anayetapika au kuharisha haingii, daktari anamfuata nje. Na chanjo ya parvo si sindano moja kama wengi wanavyodhani. Inaanza kambwa akiwa na wiki 6 hadi 8, inarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Ya kichaa cha mbwa tunampa akitimiza miezi 3.

Sasa, utamfanyaje mtoto wa miaka kumi arudi mara tatu kwa tarehe? Nilihubiri sana, hawakurudi. Kilichowarudisha ni kadi. Nilichukua manila, nikaikata na kuikunja mfano wa kadi ya kliniki ya mtoto mchanga, ile ambayo kila mama huku anaificha kabatini pamoja na vyeti. Jina la mnyama, jina la mwenye mnyama, uzito, tarehe ya kurudi. Mizani ni ile ya kuning'iniza ya muuza nyama. Watoto walianza kushindana uzito! Shida ikawa majina: wanyama wanne wanaitwa Simba, ikabidi tuandike Simba wa Mangi, Simba wa bondeni, Simba kigugumizi, na wa nne ni paka.

Kabla hatujafika mbali, ustadhi wa madrasa ya jirani aliniita. Alikuwa mpole lakini hakuzunguka: watoto wanakuja chuoni na mate ya mbwa kwenye kanzu, mnawafundisha nini? Nilikwenda nimejiandaa kubishana, nikajikuta nasikiliza. Alichotaka ni utaratibu. Tukakubaliana kumaliza saa nne kamili, nguo za kubadilisha, na kwenye bomba tuweke ndoo ya mchanga safi, maana aliyelambwa na mbwa anaosha mara saba, moja kwa udongo. Jumamosi iliyofuata alikuja mwenyewe, akasimama mbali na kamba, akawasimulia hadithi ya yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kiatu chake kumnywesha mbwa mwenye kiu, Mungu akamsamehe. Niseme ukweli, dakika zile tano zilifanya kazi kuliko mabango yangu yote.

Bomba hilo hilo ndilo tunalofundishia la kufanya ukiumwa na mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema watu 4 kati ya 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Na huku kwetu wengi hawasemi nyumbani wakiogopa mbwa atauawa. Tunawaosha mikono, kana kwamba ndiyo iliyong'atwa, kwa sabuni ya mche na maji yanayotiririka dakika 15, kwa saa, ili wajue dakika 15 ni ndefu kiasi gani. Kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa sindano, hata kidonda kikiwa kidogo.

Kufunga kizazi ndiko kulikochukua muda. Mzee mmoja alishikilia kwamba mbwa akihasiwa habweki tena. Nikamwomba apite kwetu saa tatu usiku. Alipogusa geti tu, mbwa sita waliohasiwa walimpokea kwa kelele mpaka akaangusha tochi, na wiki iliyofuata alimleta jike wake. Akina mama niliwaambia hesabu tu: paka wa miezi 5 anaweza kushika mimba, anaibeba kama miezi 2.

Viroba havijaisha. Mwezi uliopita vilikuja viwili, zamani vilikuwa viwili kwa wiki.

Yule wa darasa la tano yuko darasa la sita sasa. Anakuja kila Jumamosi kabla sijafungua, anachanganya Jiki kwa kopo lake la vipimo, anawapulizia wenzake soli za ndala getini na hamwachi mtu, hata ustadhi. Nimemwambia mara mbili achague kambwa aliyemaliza chanjo. Anakataa. Kambwa wake wa kwanza aliharishia nyuma ya nyumba yao, kwenye kivuli cha mgomba, na yeye ameweka alama ukutani kwa mkaa.

"Bado miezi minne, anti," aliniambia juzi, akaendelea kupuliza.