Tochi inawaka, lakini seli siirudishi

Kwenye daftari langu la kazi kuna ukurasa mmoja usio na jina la mteja. Juu nimeandika "seli ya tochi, imebonyea", na chini yake nimepanga namba, za kwanza zikiwa 4.16, 4.16, 4.15, 4.15, 4.11, 4.04. Ni volti. Nilikuwa nazipima kila asubuhi kabla sijagusa kazi nyingine yoyote.

Seli hiyo aliileta mtoto wa kaka yangu, na wala hakuja kwa ajili yake. Tochi ilimponyoka ngazini ikaangukia saruji, na tangu hapo swichi ikawa inakwama. Nilipofungua kitako cha tochi nitoe betri, kidole changu kilikiona kishimo kabla ya macho. Kilikuwa karibu na upande wa hasi, upana wake kama ukucha wa kidole gumba. Ile plastiki nyembamba inayovishwa seli ilikuwa haijachanika, imekunjamana tu ukingoni mwa kishimo. Nikaiweka pembeni.

"Shangazi, mbona unaitenga? Inawaka vizuri kabisa."

Swali hilo naulizwa karibu kila wiki, na anayeuliza ana haki ya kuuliza. Betri ni ghali, inaonekana nzima, na kazi inafanya. Ila kuwaka kwake kunatuambia jambo moja tu: kwamba dakika hii umeme unapita. Pigo lenyewe limefanya nini ndani, hilo mwanga wa tochi hauwezi kulisema.

Seli ya aina hii, betri ya lithiamu-ioni inayochajiwa, huitwa 18650 kwa sababu ya vipimo vyake, milimita 18 upana na milimita 65 urefu. Ndani ya mkebe wake wa chuma kuna karatasi mbili ndefu za metali: moja ya shaba iliyopakwa grafiti, nyingine ya alumini iliyopakwa oksidi yenye lithiamu. Kati yao umelazwa utando wa plastiki ulio mwembamba kuliko unywele. Vyote vimeviringishwa pamoja kama mkeka, vikalowanishwa kimiminika kinachoshika moto. Utando huo ndio pekee unaozuia pande mbili zisigusane. Mkeka umejaa mkebe kiasi kwamba chuma kikibonyea, nao unabonyea hapohapo. Hauna pa kukwepea.

Utando ukipasuka mara moja, mara nyingi utajua: seli inapata joto mkononi, au inatoa moshi. Kinachonitisha zaidi ni utando uliobanwa ukazidi kuwa mwembamba bila kupasuka. Grafiti inapopokea chaji huvimba, karibu asilimia 10 ya ujazo wake, na chaji ikitumika hunywea. Yaani seli inapumua. Kwenye seli nzima pumzi hiyo inasambaa kote. Kwenye iliyobonyea, kila ukiichaji, mkandamizo unarudi palepale palipoumia. Ndiyo maana betri iliyoanguka leo inaweza kukaa siku kadhaa imetulia, kisha ikashika moto ikiwa kwenye chaja wenyewe mmelala. Shoti ndogo inaanza ndani, hapo panapata joto, utando wa polietilini unayeyuka kwenye nyuzi kama 130 za Selsiasi, shoti inapanuka. Ikifika hapo seli inajipasha yenyewe, na kuchomoa chaja hakuizuii tena.

Kwa hiyo sikuichaji ili kuijaribu. Hilo nalisema kwa mkazo kwa sababu nimewaona mafundi wenzangu wakifanya hivyo: wanachukua seli iliyoumia, wanaiweka kwenye chaja, wanasema "tuone". Kuona kwenyewe ndiyo hatari. Hii ilikuwa tayari imejaa, mtoto alikuwa ameichaji kabla haijaanguka, basi nikaiweka kwenye ndoo ya bati yenye mchanga mkavu, nje, mbali na ukuta wa mbao na mbali na betri nyingine. Mfuniko sikuubana, maana gesi ikitoka lazima ipate njia.

Siku nne za kwanza namba zilisimama. Mtu angepima mara moja tu, siku ya kwanza, angeapa kwamba ni nzima. Seli yenye afya ikitoka kwenye chaja hushuka kidogo sana halafu inatulia, na kwa mwezi mzima inapoteza chaji kiasi cha kuhesabika tu. Hii siku ya tano ikateleza hadi 4.11, siku ya sita 4.04, na hakuna kifaa chochote kilichounganishwa nayo. Chaji ilikuwa inavuja ndani kwa ndani, kwenye kishimo.

Na hata kama namba zingebaki pale pale mwezi mzima, nisingeirudisha. Mita ikionyesha uvujaji, nimepata uhakika kwamba seli ni mbovu. Isipoonyesha, sijapata uhakika kwamba ni nzima. Watu wanaichukulia mita kama hakimu wa pande zote mbili, nayo ni shahidi wa upande mmoja.

Si kila alama ni kifo cha betri, hata hivyo. Pawabenki iliyochubuka kasha la nje, ikiwa kasha halijapasuka wala kupinda, mimi naitumia. Seli ya duara iliyochanika plastiki yake tu naivisha nyingine, baada ya kuikagua mkebe mzima chini ya taa. Lakini mpaka uvishwe, usiitumie wala usiitupe mfukoni na funguo: mkebe wote ni hasi, hadi kwenye mabega yanayozunguka kichwa cha chanya, na pale nafasi kati ya hasi na chanya ni ndogo mno. Funguo mmoja unatosha kupiga shoti.

Betri za simu na droni ni jambo jingine. Hazina chuma cha kuzikinga, zina mfuko laini wa alumini na plastiki. Kwenye hizi natazama pembe kwanza, kwa sababu pembeni ndiko kingo za karatasi za ndani zinakoishia. Simu ya Galaxy Note 7, iliyorudishwa kiwandani mwaka 2016 kwa sababu betri zake zilikuwa zinashika moto, ni mfano: Januari 2017 Samsung ilieleza kwamba katika betri za mtengenezaji mmoja, karatasi ya hasi ilikuwa imepinda kwenye pembe ya juu kulia. Hizo zilikuwa mpya, hakuna aliyeziangusha. Pembe iliyokunjwa kwa kuanguka siwezi kuiamini kuliko hiyo.

Iliyovimba nayo haina mjadala. Uvimbe ni gesi, na gesi imetoka kwenye kemikali zinazooza ndani. Nakuomba usiitoboe ili "ipumue". Miaka ya mwanzo ya kazi nilikuwa nabandua betri iliyovimba kwenye simu kwa kipande cha chuma chembamba, gundi ikawa ngumu, nikakaza mkono. Nilisikia mlio mfupi kama wa soda inayofunguliwa. Halafu harufu, tamu na kali, kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Betri ilikuwa karibu haina chaji, na naamini hilo ndilo lililoniokoa macho. Nilitoka nje, nikaacha mlango wazi, na kifua kilinikereketa mpaka jioni. Chumvi ya lithiamu iliyo kwenye kile kimiminika ikikutana na unyevu au joto hutoa floridi ya hidrojeni, ambayo ni sumu. Tangu siku hiyo natumia kipande cha plastiki, na betri naishusha chaji kwanza, ikiwa haijavimba wala kuumia kiasi cha kukataza hata hilo.

Harufu hiyo ukiisikia kwenye begi au droo, usianze kutafuta uthibitisho mwingine. Toa betri nje kama bado ni baridi na haitoi moshi. Ikiwa ina joto, au inatoa mlio au moshi, toka wewe na watu wako, ita zimamoto. Maji mengi husaidia kwa lithiamu-ioni kwa sababu yanapoza, lakini inaweza kuwaka tena baadaye, na moshi wake si wa kusimama karibu nao.

Seli ya tochi niliendelea kuipima hadi siku ya 16. Nikaziba ncha zake mbili kwa utepe, nikaitia kwenye mfuko wake peke yake, nikaipeleka kwa wanaopokea betri chakavu nikiwaambia wazi kwamba imebonyea, ili wasiichanganye na nyingine. Kwenye taka za nyumbani haifai kabisa, maana gari la taka linabana, na kilichobaki cha utando kinamalizikia huko, mbele ya watu ambao hawakujua wamebeba nini.

Mtoto alipokuja kuchukua tochi yake, ikiwa na swichi na seli mpya, nilimfungulia daftari. Alisoma namba moja moja kwa kidole hadi ya mwisho, 3.62. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba pawabenki ya mama yake ilikaliwa kwenye gari mwezi uliopita, imepinda kidogo katikati, na kila usiku wanaichaji chini ya kitanda.

Nilimwambia ampigie simu mama sasa hivi, kabla hatujamaliza kuongea.