Geji Iliyokataa Kupanda

Loda ile ilikuwa ikizoa kokoto chini ya mashine ya kusaga mawe, mahali ambapo vumbi halitui kuanzia asubuhi hadi kazi ifungwe. Mimi nilikuwa msaidizi wa fundi, wa kushika tochi na kutumwa spana. Opareta aliisifu sana mashine yake. "Filta yangu ya hewa haizibi," alikuwa akisema. "Angalia geji." Na kweli, ile geji ndogo ya plastiki iliyofungwa kwenye bomba la hewa, ambayo alama yake ya njano hupanda kadiri filta inavyoziba na kunasa hapo hapo hata injini ikizimwa, ilikuwa chini. Wiki nenda, wiki rudi, iko chini tu.

Sisi wengine tuliona ni neema. Fundi mkuu hakuona hivyo. "Kwa vumbi hili," aliuliza, "kama filta haizibi, vumbi linakwenda wapi?"

Kwanza alitaka kujua kama geji yenyewe ni nzima, kwa kuwa hizi ndogo hukwama. Akachukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, akaukunja umbo la U kwenye ubao mrefu, akamimina maji hadi katikati na kutia matone ya kulanti, yale maji ya rangi ya rejeta, ili yaonekane vizuri. Ile geji akaifungua, na kwenye tundu lake, kati ya filta na tabo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini), akaunganisha ncha moja ya mpira. Ncha ya pili aliiacha wazi. Injini ikivuta hewa kwa shida, maji hupanda upande wake na kushuka upande wa pili, na umbali kati ya mistari miwili ya maji ndio kipimo: inchi za maji. Ubao sharti uwe mrefu, la sivyo injini itakuja kuyanywa hayo maji.

Tuliufunga ubao kwenye reli kando ya kibanda cha opareta. Injini ikinguruma bila mzigo, maji yalitikisika kidogo tu, na opareta akacheka. Fundi hakujali, maana kipimo cha injini isiyobeba kitu hakikwambii lolote. Hewa inayopita ni kidogo mno. Akamwambia achomeke kijiko kwenye lundo, ainue huku amekanyaga mafuta hadi mwisho. Maji yakapanda, yakatulia. Inchi 7.

Kitabu cha mashine kilisema filta ibadilishwe ikifika inchi 25, yaani kama kilopaskali 6.2. Kwa hesabu hiyo tulikuwa salama kabisa. Lakini fundi alikuwa na tabia ya kupima filta ikiwa mpya na kuandika namba kwa rangi kwenye mfuniko wake. Ilikuwa imeandikwa 11.

"Filta haijiponyi," alisema, akaanza kufungua klipu.

Filta kubwa ya nje ilitoka. Ya ndani, ile ndogo ya usalama, haikuwepo. Mtu alikuwa ameitoa, eti injini ipumue vizuri. Nani, hatukujua hadi leo. Fundi akaingiza kidole kwenye bomba linaloelekea kwenye tabo, akakitoa kimepakaa vumbi laini la kijivu kama unga. Akanituma niingie stoo yenye giza na ile filta, niwashe tochi ndani yake. Karatasi ilitoboka vijitundu vingi vya mwanga, na kwenye mkunjo mmoja kulikuwa na mpasuko niliweza kuupitisha ukucha. Hiyo ilikuwa kazi ya kompresa: kila jioni filta ilipulizwa kwa presha yote, mdomo wa bomba ukigusa karatasi, wakati kitabu kinaruhusu psi 30 tu, tena kutoka ndani kwenda nje na kwa mbali.

Filta iliyoziba hujitangaza. Moshi mweusi, nguvu kupungua, mafuta kwenda haraka. Hii haikufanya hata kimoja, ilivuta vizuri kuliko mpya. Dalili zilikuwa kwingine: oili ilipungua bila kuvuja, na bomba la kupumulia injini lilitoa mvuke wa moshi ambao tulikuwa tumeuzoea. Injini ilipofunguliwa, ringi za pistoni zilikuwa zimelika, silinda zimechimbika juu, na kingo za pangaboi la tabo zimekwanguliwa.

Baada ya oveholi tulifunga filta zote mbili mpya, fundi akaandika 11 tena na kupiga marufuku kompresa karibu na loda. Alama ya njano ikaanza kupanda polepole. Ilipofika 15 opareta alikuja karakana amenuna, akidai tumemfungia filta mbovu, ile ya zamani haikuwa hivyo.

"Iache," fundi alimjibu. "Njoo ikifika 25."