Kula kwa Salio Disney World

Kabla hatujakata tiketi za ndege za kwenda Orlando, Florida, kutembelea viwanja vya burudani vya Disney World, mimi na kaka yangu tulikubaliana jambo moja. Familia yangu itanunua mpango wa chakula wa kulipia kabla, yake italipia kila mlo papo hapo, na kila jioni tutatoa risiti tulinganishe. Ilikuwa mwaka 2024. Disney World walikuwa wameurudisha mpango huo Januari ya mwaka huo, baada ya kuusimamisha mwaka 2020 wakati wa korona, na kila niliyemuuliza alikuwa na msimamo mkali: huyu anaapa umemwokolea fedha nyingi, yule anaapa ni hasara tupu. Hesabu hakuna aliyenionyesha, na mimi siwezi kutoa mamia ya dola kwa maneno ya kusikia.

Mpango uko wa aina mbili. Mdogo unakupa milo miwili ya kaunta kwa kila usiku unaolala, yaani ile unayoagiza na kubeba mwenyewe kwenye sinia, pamoja na kitafunwa kimoja. Mkubwa unakupa mlo mmoja wa kaunta, mlo mmoja wa mezani ambako mhudumu anakuletea, na kitafunwa kimoja. Katika aina zote mbili kila mtu anapata kikombe cha kujazia soda, chai na kahawa hotelini kwa muda wote atakaokaa. Bei ya mpango mkubwa mwaka ule ilikuwa dola 94.28 kwa mtu mzima kwa usiku mmoja, na dola 29.69 kwa mtoto wa miaka 3 hadi 9. Mdogo ulikuwa dola 57.01 na 23.83. Haununuliwi peke yake. Lazima uwe umelipia chumba katika mojawapo ya hoteli zao, na wote mnaolala chumba kimoja, kuanzia miaka 3, mnachukua mpango wa aina moja. Hakuna kusema baba achukue mkubwa na mama asichukue.

Sisi tulichukua mkubwa. Mwanangu wa kiume alikuwa ametimiza miaka 10, na kwa mpango huu mtoto wa miaka 10 ni mtu mzima. Binti yangu alikuwa na miaka 6. Kwa hiyo sisi wanne tulihesabiwa watu wazima watatu na mtoto mmoja: dola 312.53 kila usiku. Mume wangu aliitazama ile namba kwenye simu, akaisoma tena kwa sauti, kisha akasema, "Basi tule." Kaka yangu na wifi yangu wana mtoto ambaye alikuwa hajafika miaka 3, na huyo hahesabiwi popote: haingii kwenye mpango, hakatiwi kiingilio, na kwenye bufee anakula bure.

Orlando tulifika mchana, joto la kiangazi likiwa limekaza. Disney World ni kubwa mno kwa mtu aliyezoea kufikiria uwanja mmoja wenye uzio. Kuna viwanja vinne vya burudani vilivyofunguliwa kwa nyakati tofauti, Magic Kingdom mwaka 1971, EPCOT 1982, Hollywood Studios 1989 na Animal Kingdom 1998, na kati yake kuna barabara kuu, maziwa, hoteli nyingi na mabasi yanayozunguka kutwa. Nalitaja hili kwa sababu lina uzito kwenye suala la chakula. Mgahawa uliouwekea nafasi unaweza kuwa upande wa pili kabisa wa eneo hilo, na kuufikia ni kusubiri basi, kubadilisha basi, na watoto wawili wenye njaa mkononi.

Siku ya kwanza Magic Kingdom tulikula mlo wa kaunta. Unaagiza kwenye simu, unasubiri jina lako liitwe, unachukua sinia. Chini ya risiti pameandikwa salio lenu: milo ya mezani iliyobaki, ya kaunta iliyobaki, vitafunwa vilivyobaki. Mwanangu aliipenda sana ile sehemu. Kila baada ya kula alikuwa anaidaka risiti na kututangazia tulipofikia, na kwa siku zote tulizokaa yeye ndiye aliyekuwa mhasibu wetu.

Jioni hiyo tukaanza hesabu, na nikaona mzigo wa mpango huu unakaa wapi. Mlo wa kaunta wa mtu mzima, chakula pamoja na kinywaji, ulikuwa unafika kama dola 20. Kitafunwa kama dola 6 au 7. Ukiondoa hivyo kwenye 94.28, zinabaki karibu dola 67 ambazo mlo wako wa mezani unapaswa kuzifikia ndipo uwe umerudisha fedha yako. Sasa ingia mgahawa wa mezani wa kawaida: chakula kikuu dola 30 hivi, kitindamlo dola 10 au zaidi kidogo, soda dola 5. Hapo umefika 45 na ushei. Chakula cha kuanzia hakimo ndani ya mpango. Hata ukiongeza kodi ya mauzo ya asilimia 6.5, ambayo bei za menyu hazijaijumuisha, bado hujafika.

Kinachoweza kuijaza hiyo nafasi ni pombe au bufee. Kwa mwenye miaka 21 na zaidi, kinywaji kinachojumuishwa kwenye mlo kinaweza kuwa bia, mvinyo au kokteli, na kokteli moja pale ilikuwa kama dola 17. Anayekunywa mara mbili kwa siku, kaunta na mezani, hesabu yake inabadilika kabisa. Nyumbani kwetu hatunywi. Bei tuliyolipa ni ile ile ya anayekunywa, na mwanangu wa miaka 10, ambaye hata kwa sheria ya Florida hawezi kupewa, amelipiwa hivyo hivyo. Jambo hili liliniuma na bado naliona si haki kwa familia yenye watoto wa rika hilo. Mtoto wa darasa la tano hali kama baba yake, na hata angekula kama baba yake, glasi ya baba yake haimhusu.

Kwa hiyo tukageukia bufee. Ya kwanza ilikuwa Chef Mickey's, ndani ya hoteli ya Contemporary, karibu na Magic Kingdom kiasi cha kwenda kwa miguu. Treni ya reli moja inapita juu ndani ya jengo lenyewe, na wahusika wa katuni za Disney wanazunguka meza kwa meza wakiwa wamevaa kipishi. Goofy alipofika kwetu, binti yangu alisimama juu ya kiti akamkumbatia shingoni, na tangu hapo hakugusa sahani yake mpaka Minnie alipopita pia. Bei ya mtu mzima jioni ilikuwa zaidi ya dola 60, ya mtoto kama dola 40. Angalia hapo: binti yangu amelipiwa dola 29.69 kwa siku nzima, na mlo mmoja tu umeshapita kiasi hicho, bado ana mlo wa kaunta na aiskrimu yake. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 10 mpango huu una faida ya kweli, na sioni wa kunibishia.

Binti yangu alitaka pia kula ndani ya kasri la Magic Kingdom, kwenye mgahawa wa Cinderella's Royal Table. Pale kila mtu anakatwa milo miwili ya mezani badala ya mmoja. Sisi wanne tungetoa minane kwa kikao kimoja, yaani posho ya mezani ya siku mbili. Nilimweleza, akalia kidogo, akanyamaza alipopewa kitafunwa chake mapema.

Animal Kingdom ndiko nilikokuwa nakusubiri kwa hamu. Humo kuna Harambe, mji wa kubuni wa Afrika Mashariki, wenye kuta zilizochubuka rangi kwa makusudi, matangazo ya Kiswahili ukutani na magari ya kupeleka watu Kilimanjaro Safaris kuona twiga na vifaru. Tulikaa kwenye kibanda kiitwacho Tamu Tamu tukala aiskrimu ya nanasi kwa vitafunwa vyetu vya siku hiyo. Watoto wakawa wanasomeana vibao kwa sauti, na familia moja ya Wamarekani waliokaa karibu nasi wakawaomba wawasomee na vingine. Kaka yangu, ambaye alilipa aiskrimu yake kwa fedha, alinunua moja wakala watatu.

Hapo ndipo nilipoanza kuona tofauti nyingine isiyoonekana kwenye risiti. Kaka yangu alikuwa anakula akiwa na njaa. Asubuhi walikula chumbani, mkate, ndizi na maziwa waliyonunua duka la nje na kuyaweka kwenye friji ya hotelini. Mchana walikuwa na sandwichi mkobani, kwa maana chakula cha kutoka nje kinaruhusiwa kuingia viwanjani, isipokuwa pombe na vyombo vya kioo. Maji walikuwa wanaomba kwenye migahawa ya kaunta, ambako glasi ya maji ya barafu hutolewa bure kwa yeyote. (Hata mwenye mpango nampa shauri hili: usitoe kitafunwa chako kwa chupa ya maji.) Sisi tulikuwa tunakula kwa sababu imefika saa ya nafasi tuliyoweka. Meza zinazotakiwa sana huwekwa siku 60 kabla, na kuwa na mpango hakukuhakikishii meza. Mara mbili tuliacha foleni ya mchezo uliokuwa karibu kutufikia tukakimbilia basi, tumbo likiwa bado limejaa mlo wa mchana. Mume wangu akaanza kuiita milo hiyo "zamu".

Usiku wa Boma tulikula wote pamoja. Boma ni mgahawa wa bufee katika Animal Kingdom Lodge, hoteli iliyofunguliwa mwaka 2001 yenye uwanda ambako pundamilia na twiga wanalisha chini ya madirisha ya wageni. Ukifika mapema kabla giza halijaingia unawaona bila kulipa chochote. Vyakula ni vya pande nyingi za Afrika: supu ya maboga, bobotie, yaani nyama ya kusaga ya kuoka ya Afrika Kusini, nyama inayokatwa mbele yako, na kwa watoto makaroni yenye jibini. Mwanangu alikula makaroni. Sahani mbili za makaroni, kwa bei ya mtu mzima ambayo ni zaidi ya dola 50. Kwenye vitindamlo kuna vile viduara vyenye mistari ya pundamilia ambavyo kila mtu huvisifu. Wenye kujiepusha na pombe waulize kwanza, kwa kuwa hutengenezwa kwa krimu ya Amarula. Mimi niliuliza, nikaviacha, nikala vingine na sikujuta. Kwa chakula peke yake, Boma ndiyo meza niliyoipenda kuliko zote.

Kisha ikaja bili. Yetu iliandikwa sifuri kwenye chakula, lakini chini yake palikuwa na bakshishi, kwa sababu bakshishi haimo ndani ya mpango, na kundi la watu sita au zaidi huwekewa asilimia 18 moja kwa moja. Asilimia hiyo inahesabiwa kwa bei halisi ya chakula. Wahudumu wanastahili kila senti, siwaonei kijicho hata kidogo. Nilitazama mmoja akibeba sahani zetu chafu mara kadhaa huku akimchekesha mtoto wa wifi. Ninachosema ni kwamba anayedhani amelipa kila kitu kabla ya kuondoka nyumbani, aweke pembeni dola 25 au 40 kwa kila meza.

Wifi alinisogelea akaniambia taratibu, "Wifi, hapa leo mmetupita." Ilikuwa kweli. Kwa usiku ule mmoja, chakula chetu kilizidi tulicholipa.

Siku ya kuondoka tulibaki na mlo wa mezani ambao hatukuwa na muda wa kuutumia, na vitafunwa kadhaa. Salio lisilotumika linakufa saa sita usiku ya siku hiyo na harudishiwi mtu fedha. Watoto waliingia duka la hotelini wakachagua biskuti na peremende za pakiti hadi mhasibu wetu akasema zimeisha.

Uwanja wa ndege tulijumlisha kila kitu kwa bei za menyu pamoja na kodi. Binti yangu alikuwa amekula zaidi ya alicholipiwa, tena kwa mbali. Mimi na mume wangu tulikuwa chini kidogo. Mwanangu alikuwa chini sana, na pengo lake peke yake lilimeza faida yote ya dada yake na kupita. Familia ya kaka yangu walitumia chini ya nusu yetu kwa kichwa, na Boma walikula, na aiskrimu walikula.

Mume wangu angependa mara nyingine tuchukue ule mdogo. Mimi sikubaliani naye: milo miwili ya kaunta kwa mtoto wa miaka 10 kwa dola 57.01 ina kasoro ile ile, na bado ingetubidi tulipie bufee ya binti kwa fedha. Ninachotaka ni bufee mbili nilizozichagua mwenyewe, nafasi zikiwa zimewekwa siku 60 kabla, na mengine yote tununue njaa ikiuma. Wifi naye alikuwa ameshafungua kalenda kwenye simu, anahesabu miezi iliyobaki kabla mwanawe hajatimiza miaka 3.