Siku moja ya mwanasayansi katika ofisi ya utawala wa chuo kikuu

Saa kumi na mbili asubuhi huwa nimeshaketi kusoma makabrasha, kwa kuwa huo ndio muda pekee ambao simu hailii. Mimi ni mtaalamu wa baiolojia ya molekuli, na kwa sasa ni Naibu Makamu Mkuu wa Chuo ninayesimamia utafiti. Wengi hudhani kwamba kupanda cheo ni kupumzika.

Saa mbili nilikutana na wakuu wa ndaki, kisha nikasaini mikataba ya ufadhili.

Saa nne mtafiti kijana aliingia akiwa na karatasi za mzigo. Vimeng'enya vyake, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali, vilikuwa vimefika uwanja wa ndege ndani ya barafu kavu, lakini havikuweza kutolewa kwa sababu barua ya msamaha wa kodi haikuwa na saini. Barafu kavu ni kaboni dayoksaidi iliyogandishwa, yenye baridi ya nyuzi 78 hivi chini ya sifuri. Haiwi maji bali hugeuka moja kwa moja kuwa gesi, hivyo kila saa inayopita hupunguza kinga ya kilichomo. Nilimpigia ofisa ununuzi, akanielekeza kwa mhasibu. Mhasibu akasema faili liko kwa mwanasheria. Mwanasheria naye akataka maelezo ya maandishi kwa nini alitumika mzabuni mmoja tu. Niliyaandika mwenyewe, nikifafanua kwamba majaribio yaliyoanza na kimeng'enya cha aina moja yakimaliziwa na cha aina nyingine, matokeo yake hayalinganishiki tena.

"Profesa, sikupingi," mwanasheria aliniambia, "lakini wakaguzi wakija, hoja hiyo nitaijibu mimi."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonichosha zaidi, kwa maana kila mmoja wetu alikuwa akitimiza wajibu wake huku vimeng'enya vikikaribia kuharibika. Saini ilipatikana alasiri. Kisanduku kilipofunguliwa, vilikuwa bado vimeganda, na furaha ya kijana yule niliiona kuwa sehemu ya kazi yangu ya kisayansi.

Kamati ya maadili ya utafiti ilikuwa imeshaanza nilipofika, na sikumbuki tulimaliza saa ngapi. Nakumbuka tulirudisha fomu moja ya ridhaa iliyojaa istilahi za kitabibu, kwa sababu mtu hawezi kuridhia jambo asilolielewa, nami sitaki chuo chetu kikusanye damu ya watu kwa njia hiyo.

Paul Nurse, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2001, aliongoza Chuo Kikuu cha Rockefeller kuanzia 2003 hadi 2011 huku akiendelea na utafiti wake. Nami nimekataa kuiacha maabara, ingawa muda ninaobakiwa nao ni wa usiku. Nikiwa na macho mazito nilifungua sura ya tasnifu ya mwanafunzi wangu, nikakuta kwamba mrija wa maji matupu, usiowekewa sampuli yoyote, nao ulionyesha DNA. Katika jaribio linaloongeza nakala maradufu kila mzunguko, molekuli moja iliyopenya kwa bahati mbaya inaweza kuzaa zaidi ya nakala bilioni 1 baada ya mizunguko 30. Nilimwandikia abadilishe vitendanishi vyote, yaani kemikali zinazotumika katika jaribio, na kurudia jaribio kabla ya kuandika hitimisho lolote.