Mali ya ndoa: kesi nyingi huharibikia barazani

Hapa Dar es Salaam, mwanamke akifika kwenye mashirika ya msaada wa kisheria kama TAWLA au WLAC, mara nyingi anachotaka kujua ni kimoja: nyumba nitapata haki yangu? Kabla ya kujibiwa, aulizwe kwanza kuhusu fomu ya baraza la usuluhishi.

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa nguvu za pamoja, lakini pale tu inapotoa talaka au amri ya kutengana, au baada ya hapo. Talaka ikikwama, nyumba nayo imekwama. Na talaka hukwamia kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, ambako wanandoa hupitia kwanza kupatanishwa, liwe la kata, la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu) au la kanisa.

Baraza likishindwa kuwapatanisha hutoa hati, Fomu Namba 3. Siku ya kufungua shauri, hati hiyo iwe haijapitisha miezi 6. Wengine huondoka na barua ya kawaida tu, wengine hati yao hulala kabatini huku ndugu wakisema "vumilia kidogo". Shauri lenye hati mbovu linaweza kufutwa hata likiwa limeshafika kwenye rufaa, na miaka yote ile ikapotea. Inauma, kwa sababu kuikagua ni dakika tano: majina ya wote wawili, tarehe, saini, muhuri, na maneno yanayosema wazi kwamba usuluhishi umeshindikana. Mume akiitwa na baraza akakaidi makusudi, sheria inaruhusu kwenda mahakamani bila hati, hivyo tunza nakala ya kila wito.

Kuhusu mchango, wengi wanaijua kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya 1983, ambapo Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango. Kisichosimuliwa sana ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa kuwa fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia alizitumia ovyo. Kwa hiyo kumbukumbu ni muhimu: risiti za saruji na mabati, miamala ya simu kwenda kwa fundi, daftari la vikoba, fundi mwenyewe awe shahidi. Nyumba kuandikwa jina la mume peke yake hakumalizi mambo. Dhana kwamba ni yake peke yake inapingika kwa ushahidi.

Ukisikia nyumba inatafutiwa mteja, usingoje hukumu. Yenye hati miliki, weka zuio kwa Msajili wa Hati. Kifungu cha 59 cha Sheria hiyo ya Ndoa kinamkataza mwenzi kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Isiyo na hati miliki, kama nyingi za Manzese au Vingunguti, mauziano hushuhudiwa serikali ya mtaa. Peleka barua kwa mwenyekiti, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, na wajumbe wa jirani wajue.